Simeoni Aliimbwa Itigi

Shuleni, Nduguti
Jumapili, 17 Machi 2024

Ndugu yangu Martina,

Salamu nyingi. Leo baada ya ibada nimekaa nyuma ya bweni na nimeapa kukueleza yote tangu mwanzo, bila kuruka kitu na bila kupamba. Wewe ndiye uliyenitafutia nafasi ya kumsikia Dada Dorika, halafu kiti chako pembeni yangu kikabaki kitupu. Shangazi yako aliniambia mlangoni kuwa bibi ameugua ghafla na umempeleka Tabora kwa treni. Anaendeleaje? Mwambie shikamoo yake ipo, na ninamwombea.

Kwaya yetu ilishika nafasi ya pili kule Manyoni. Mwalimu Zefania alifurahi mpaka akasahau ukali wake, akatimiza ahadi ya kutufikisha Itigi mchana uleule, mimi na Happiness, mwenzangu wa kwaya. Nilidhani Dada Dorika Mughwai angeimba uwanjani kwenye maspika makubwa, tukamwone kwa mbali kama punje ya uwele. Kumbe ni ndani ya lile ghala la wafuga nyuki, nyuma ya mgahawa wa shangazi yako! Ndoo za asali zilikuwa zimesogezwa ukutani, kukapangwa mabenchi ya kanisani, na chumba kizima kilinukia nta. Hakuwa na kipaza sauti. Alikaa kwenye kigoda na gitaa lake, karibu nasi kiasi kwamba niliona amevaa kandambili na kidole kimoja cha mguu kimefungwa kitambaa.

Martina, yule mtu niliyemsikiliza redioni tangu darasa la sita alikohoa, akaomba maji, akasema, "Samahanini, vumbi la Itigi limenikaribisha." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nalia tayari. Happiness akaninong'oneza, "Wewe, funga mdomo, nyuki wataweka mzinga."

Katikati ya wimbo wa tatu treni ya mizigo ilipita, kuta zikatetemeka. Dada Dorika hakushindana nayo. Aliacha kidole kwenye uzi, akatutazama mmoja mmoja huku mabehewa yakipita, na yaliponyamaza akaendelea na neno lilelile alilokuwa ameliacha. Nilifikiri: nikiwa mkubwa nataka kuwa mtu anayeweza kungoja hivyo.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijui niliseme vipi.

Karibu na mwisho alisema, "Huu bado haujatoka. Nilipewa na msichana mmoja. Ni wa marehemu mama yake, alikuwa akiuimba akisaga. Nitaurekodi Singida wiki ya pili baada ya Pasaka." Akaimba kwa Kiswahili, lakini sauti inapanda na kushuka vilevile kama ya Kinyaturu cha nyumbani:

Simeoni, ulikuja na unyevu kichwani,
ukaondoka kabla sijakufuta.
Kitambaa ninacho.
Nakikunja, nakikunjua.

Ni wimbo wa mama. Si unaofanana nao. Ni wenyewe, na jina lake ndani.

Unakumbuka ulipofika kwetu Mgori baada ya msiba wa mama yako? Mama alikataa uwele wa uji usagwe mashine, akatukalisha wote wawili kwenye jiwe la kusagia, wewe upande huu na mimi upande ule. Akatuambia jinsi bibi yangu alivyomwambia yeye: kwenye nyumba yetu, anachoimba mwanamke kwenye jiwe hakitoki kwenye jiwe. Hakirudiwi, hakiulizwi, na hata mwenyewe haambiwi kuwa kimesikika. Kisha akaanza kusaga na kuimba, nasi tukatazama unga. Ndivyo tulivyojua kuwa kabla yangu alikuwepo mtoto. Baba alikuwa machimboni Mererani wakati ule. Aliporudi akaambiwa mtoto hakukaa, basi, hakuuliza tena. Hajui kuwa alikuwa na jina. Jina lake liko kwenye jiwe tu.

Na sasa liko Itigi. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Labda Dada Dorika alipita Mgori. Labda kuna mtu alipita njiani akasikia. Lakini kwa nini aseme marehemu? Mama yangu ni mzima, juzi ametuma karanga. Wimbo ukifika redioni atausikia, kwa sababu redio yetu haizimwi tangu jua linapochomoza. Wewe una akili ya haraka kunizidi. Unadhani ni nani?

Wako,
Severina


Itigi
26 Machi 2024

Sevi wangu,

Barua yako nimeisoma nikicheka na nikikuonea wivu. Kandambili! Na mimi niliyemwekea kigoda kile sikumwona amekikalia. Bibi hajambo sasa, ilikuwa presha tu, Dodoma wamempa dawa na ameanza kugombana na shangazi kuhusu chumvi, kwa hiyo amepona.

Kuhusu ule wimbo, usijisumbue. Nyimbo za kusaga zinafanana zote, mama akisaga atalia nini zaidi ya mtoto? Na akina Simeoni wamejaa. Hata mpiga debe wa stendi yetu anaitwa Simeoni, na hakuna anayemkunjia kitambaa. Ulikuwa umechoka na safari, umelia, masikio yakasikia yanachotaka.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwandikie mama. Utamtia presha bure. Wala usimsumbue Dada Dorika, watu wale wana mambo mengi. Soma, mitihani iko karibu. Wewe ndiye mwenye kichwa kati yetu, mimi nimebaki na sahani za shangazi.

Nakupenda,
Martina


Shuleni, Nduguti
3 Aprili 2024

Kwa Dada Dorika Mughwai,

Shikamoo Dada.

Mimi ni Severina, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nilikaa benchi la mbele Itigi, yule aliyekuwa akilia. Barua hii anakuletea Mwalimu wangu Zefania, ambaye amekubali kuibeba bila kuisoma.

Nyimbo zako nimeziandika kwenye kichwa changu zote. Kwa sababu hiyo naona aibu kukuomba hiki ninachokuomba. Ule wimbo wa Simeoni si wa mtu aliyekufa. Aliyeutunga yuko hai, yuko Mgori, na ni mama yangu mzazi. Hakuutunga ili usikiwe. Nyumbani kwetu wimbo wa jiweni hautolewi hata kwa mume. Simeoni ni kaka yangu.

Naomba usiurekodi. Naomba pia uniambie nani alikupa, ili nijue ni nani aliyepita karibu na nyumba yetu.

Niwie radhi kwa kukuchukulia muda.

Mpenzi wa nyimbo zako,
Severina


Singida Mjini
15 Aprili 2024

Mdogo wangu Severina,

Marahaba. Nakukumbuka, ulilia mpaka nikakuonea huruma.

Barua yako ilinishtua, nikafanya ulichostahili kufanyiwa: nikauliza. Msichana aliyenipa wimbo ni Martina, wa mgahawa wa Itigi. Aliuimba mbele yangu mwezi wa kwanza nilipokuja kuangalia ukumbi. Nilimwuliza, ni wa nani? Akasema wa mama yake, aliyefariki yeye Martina akiwa mdogo. Juzi nimemwuliza tena. Amelia na kurudia vilevile. Anasema wewe na yeye mlilelewa pamoja, kwamba mama yako alijifunza wimbo ule kutoka kwa mama yake, na kwamba tangu zamani una wivu kidogo kwa vitu vyake, ila hakuwekei kinyongo.

Mdogo wangu, msichana huyu hana mama. Wewe unaye. Sikusemi vibaya, bado u mdogo, lakini fikiri jinsi inavyouma mtu kunyang'anywa hata hicho kidogo alichoachiwa.

Wimbo tumeshaurekodi wiki iliyopita. Martina ameitikia sauti ya pili, na ameitikia vizuri mno. Nitasafiri naye mwaka huu.

Soma kwa bidii. Endelea na kwaya.

Dada yako,
Dorika


Shuleni, Nduguti
21 Aprili 2024

Martina,

Shangazi yako alisema Tabora. Wewe uliandika Dodoma. Niliona siku ileile, nikajiambia labda mmoja wenu amekosea, kwa sababu sikujua kuwa mtu anaweza kunidanganya na kuniita Sevi wangu katika karatasi moja.

Umesema nina wivu na vitu vyako. Umemwambia mtu ambaye nilimpenda kuliko mtu yeyote nisiyemjua, naye amekuamini wewe, ameniandikia kama anavyoandikiwa mtoto mwizi. Hilo nitalimeza. Sitaki kuimba naye. Sitaki chochote cha huko.

Lakini umemwua mama yangu kwa mdomo wako. Umesema marehemu. Yule aliyekukata nywele za msiba, aliyekupa upande wa jiwe.

Nakuomba, kwa heshima iliyobaki: mwambie Dada Dorika ukweli kabla wimbo haujapelekwa redioni. Sitaki uniombe msamaha. Nataka tu usipelekwe.

Severina


Itigi
5 Mei 2024

Severina,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Shangazi ananiuliza kama naandika wosia.

Ni kweli. Bibi hakuumwa. Asubuhi ile Dada Dorika alipofika aliniambia ataujaribu wimbo mbele ya watu. Nilimwomba asiuimbe siku hiyo, akadhani naona haya. Nilijua umeshafika Manyoni. Sikuweza kukaa kwenye benchi lile pembeni yako, nikamdanganya shangazi nina malaria, nikamwomba akwambie la bibi ili usije chumbani kunitazama. Nilijifungia chumbani, na ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa ghala. Nilisikia yote. Nilikusikia hata wewe ukipenga kamasi.

Nisikilize upande wangu. Mama yangu alikufa nikiwa na miaka tisa, na alikuwa hasagi. Tulikaa nyumba za reli, tulinunua unga dukani. Hakuniachia hata mluzi. Dada Dorika alikaa mgahawani, akauliza kama kuna mtu hapa anajua wimbo wa zamani wa nyumbani kwao, na wote wakaendelea kula, nami nikafungua mdomo. Sikupanga. Ulitoka kwa sababu ndio wimbo pekee niliowahi kupewa nikiwa nimekaa chini kama mtoto wa mtu. Alipouliza ni wa nani, nilisema wa mama yangu. Kwa sekunde ile haukuwa uongo. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniambia, "Martina, huyu ni mama yako pia." Au yalikuwa maneno ya mdomoni tu?

Kisha akauliza kama yuko hai. Ningekubali, angetaka kwenda kumwona. Nikasema amekufa. Baada ya hapo kila neno lilizaa jingine, hadi lile la wivu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ila siwezi kumwambia. Ameninunulia viatu vya jukwaani, ameniweka kwenye ratiba, ananiita mdogo wangu mbele za watu. Nikimwambia, nitarudi kwenye sahani na aibu juu. Na wimbo umeshafika redioni, Severina. Umechelewa. Mimi pia nimechelewa.

Labda Mama hatausikia.

Martina


Mgori
Jumapili, 16 Juni 2024

Martina,

Niko nyumbani kwa likizo. Ningeweza kutumia simu ya baba, lakini mtu akiongea kwenye simu ya baba nyumba nzima inasikia, na haya si ya kusikiwa. Nitakueleza kama nilivyokuahidi mara ya kwanza, bila kuruka.

Ameusikia. Nilipofika ulikuwa umeshafika kabla yangu. Watoto wa jirani wanaruka kamba nao. Mmoja anaimba "Simeoni," mwingine anajibu "nakikunja," anayekosea anatolewa. Dereva wa bodaboda ameuweka kwenye simu yake. Sauti yako ya pili ni nzuri, Dada Dorika hakudanganya. Niliitambua kabla ya yake.

Siku ya kwanza asubuhi mama alikuwa amepepeta uwele wa uji. Nikachukua kigoda changu kama kawaida. Akaniambia, "Pumzika, mwanangu, umetoka shule." Nikasema sijachoka. Akasema, "Basi kachote maji." Niliporudi, uwele ulikuwa kwenye gunia na gunia limefungwa. "Upeleke mashine," akasema. "Siku hizi macho yangu hayaoni vizuri unga." Martina, mama anatunga uzi kwenye sindano akiwa amesimama.

Hajanigombeza. Ananipa chakula, ananiuliza mitihani, ananisuka. Akinisuka zamani alikuwa akiongea, sasa anasuka tu. Juzi alikuja mama Peniel, akakaa jikoni, akasema, "Mama Severina, umesikia huu wimbo wa huyu mama aliyefiwa na mtoto? Unaliza!" Mama akajibu, "Mungu amfariji." Kisha akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama unavyomwangalia mgeni ukijaribu kukumbuka mlionana wapi. Sauti zinazoitikia redioni hazitajwi majina. Kwenye jiwe lile tulikaa watatu. Wewe uliondoka zamani, kwake wewe ni mtoto yatima aliyemhurumia. Mimi ndiye niliyekuwa nikijisifu kila likizo kuwa nitamwona Dada Dorika kwa macho yangu. Mimi ndiye niliyekwenda Itigi.

Nimetaka kumwambia si mimi. Nimefika mlangoni mwake mara nyingi. Lakini ili niseme si mimi, lazima nitaje wimbo. Na nikitaja wimbo mbele yake, nitakuwa nimefanya kilekile anachodhani nimefanya. Umeniacha mahali ambapo kujitetea na kukosa ni kitu kimoja. Sidhani ulilipanga. Hukupanga lolote, umeandika mwenyewe, na ndiyo maana siwezi hata kukuchukia vizuri.

Sasa nikueleze la jana, halafu nitaacha.

Jana baba alikuwa uani anatengeneza mpini wa jembe. Mama alikuwa anaanika mboga. Na baba, ambaye haimbi hata kanisani, akaanza kupiga mluzi. Nilijua ni nini kabla hajafika kwenye kupanda. Alikuwa akichonga na kupiga mluzi, akachonga, akapiga mluzi, kisha akaimba kwa sauti yake ya kukwaruza: "Kitambaa ninacho." Akacheka mwenyewe. Akasema, "Mama Severina, huyu mwanamke aliyetunga hiki kitu alikuwa na huzuni kweli. Sijui huyo Simeoni alikuwa nani."

Mama alimaliza kuanika mboga, jani moja moja. Kisha akaingia ndani, nikamsikia anafungua sanduku lake la chini ya kitanda, akalifunga. Alipotoka macho yalikuwa makavu. Akamwambia baba, "Mpini huo umeupinda."

Martina, baba alikuwa anaimba habari za mwanawe na hajui. Na mama alisimama pale, asiweze kumwambia hata sasa, maana leo akimwambia baba atamwuliza: redio imejuaje kabla yangu?

Swali lako la barua ile nitalijibu. Hayakuwa maneno ya mdomoni. Niliposema ni mama yako pia, nilimaanisha, na mama alimaanisha. Ungemwomba wimbo, asingekupa. Lakini ungekaa tu kwenye jiwe angekuimbia mpaka uchoke. Ulikuwa na mama. Ukamwita marehemu ili upate wimbo wake.

Sikuandikii tena kuhusu Dada Dorika. Mwambie au usimwambie, viatu uvae. Mimi redio ikimtaja natoka nje. Hilo nalo limekwisha.

Nakuandikia kwa jambo moja. Mimi siwezi kuutaja wimbo mbele ya mama. Wewe umeshautaja mbele ya nchi nzima, kwa hiyo huna tena cha kuvunja. Ni wewe peke yako unayeweza kukaa mbele yake ukasema, "Mama, ni mimi." Basi la Singida linafika hapa Jumatano na Jumamosi. Shule inafunguliwa mwanzoni mwa Julai, na sitaki kuondoka nikiwa mgeni katika nyumba yetu.

Nijibu kwa basi litakalorudi, na usiniandikie kitu kingine chochote: utakuja kumwambia mwenyewe, au nimwache mama aendelee kuamini kuwa binti aliyemzaa ndiye aliyemtoa Simeoni nje?

Severina